Kofia ya Trafiki

Kofia ilikuwa na ndimu ndani.

Tulikuwa nje ya soko la Mgandini, mimi na mama mdogo, mikono imejaa mifuko. Dereva wa bodaboda tuliyemwita alikuwa katoka kununua ndimu zake, na kwa kuwa mfuko hakuwa nao, kazitia ndani ya kofia ngumu ya abiria, kaitundika kwenye usukani. Tulipokubaliana nauli ya Makorora alizihamishia ndimu kwenye mifuko ya koti lake, moja moja, akaifuta kofia kwa kiganja, akampa mama mdogo kwa mikono miwili.

Mama mdogo akainusa. Kwa kweli siku hiyo ilinukia vizuri kuliko kofia yoyote ya kijiweni. Akairudisha.

"Mwanangu, hii kaivaa nani kabla yangu?"

"Wote, mama."

Tulicheka sote watatu. Kofia yake mwenyewe alikuwa kaivisha kiwiko. Alipomwona mama mdogo anasitasita, akamtoa wasiwasi: "Usijali mama, hizi elementi ni za trafiki tu, na njia ya leo hawapo." Akapiga stata, wakaenda, mtandio unapepea. Mimi nikapanda pikipiki ya nyuma yao, na hiyo ya kwangu haikuwa na kofia ya abiria kabisa.

Kauli ile ilinikera wiki kadhaa. Hakuisema kwa ujeuri. Aliisema kwa upole, kama anayemliwaza mzee.

## Hapo tu

Wengi wetu Tanga tumekulia juu ya baiskeli. Mji ni tambarare, na ule utaratibu wa Ngamiani wa barabara zenye namba, ya kwanza mpaka ya ishirini na moja, ni kama ulipangwa kwa ajili ya magurudumu mawili. Kuanguka tulikujua vizuri. Goti linachunika, unapakwa spiriti, unapiga mayowe, kesho unapanda tena.

Nadhani hesabu zetu za hatari bado ni zile za baiskeli. Ndiyo maana mtu ukimwuliza kwa nini hajavaa kofia hakwambii kwamba haamini ajali. Anakwambia, "Naenda hapo tu." Kofia ni ya safari. Ukienda Pongwe labda, au Muheza, au ukishika njia ya Horohoro. Kutoka Barabara ya Nane hadi Makorora, nani avae?

Nami nilikuwa naiona hoja hiyo ina uzito. Mwendo mdogo, ajali ndogo. Kisha nikakaa nikapiga hesabu ya fizikia ya sekondari, ile tuliyoikariri bila kujua itakuja kutufaa wapi. Kichwa cha abiria aliyekaa kwenye pikipiki kipo kama mita moja na nusu kutoka chini. Kitu kikidondoka kutoka urefu huo kinagusa ardhi kikiwa na mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Hapo pikipiki imesimama. Haijaondoka hata kijiweni.

Lami ya hapo tu ina ugumu uleule wa lami ya barabara kuu ya Segera.

## Aliyeinuka mwenyewe

Mtaani kwetu yupo kijana fundi wa kuchomelea. Alianguka akiwa abiria. Bajaji iliwakatia mbele, dereva wake akashika breki kwenye mchanga uliomwagika barabarani, pikipiki ikalala ubavu. Walioona wanasema ilikuwa inakwenda taratibu hata mtu angeweza kuikimbilia kwa miguu.

Aliinuka mwenyewe. Akajikung'uta suruali, akasaidia kuinyanyua pikipiki, akasimama kuamua ugomvi wa nani alipe kioo kilichovunjika. Mtu wa duka akampa soda baridi, akainywa yote. Akarudi nyumbani kwa miguu, akamwambia mkewe kichwa kinamgonga kidogo, akameza vidonge viwili vya maumivu, akalala mapema.

Usiku mkewe aliamshwa na mkoromo ambao hakuwahi kuusikia kwake. Mto umelowa matapishi, na mume akitikiswa haamki.

Walimkimbiza hospitali ya Bombo, na kutoka Bombo akapelekwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300, kwenda kufunguliwa kichwa. Damu ikatolewa. Akapona.

Tunasema alipona.

Zile saa kati ya soda na mkoromo zilinisumbua, maana mtaani zilizua maneno. Mtu kaanguka, kasimama, kaongea na watu, iweje usiku azidiwe? Wapo waliosema kachezewa. Lakini madaktari wa vichwa wanaijua hali hii tangu zamani na wanaiogopa hasa kwa sababu ya huo utulivu wa katikati. Mfupa wa panjani ni mwembamba, na kwa ndani umepitiwa na mshipa wa damu. Mfupa ukipata ufa, mshipa unaweza kuchanika, na damu ikaanza kujikusanya kati ya fuvu na utando wa ubongo, taratibu. Ndani ya fuvu hakuna nafasi ya ziada. Kwa muda fulani mtu anazungumza, anacheka, anaamua ugomvi wa kioo. Damu inapoujaza ule upenyo mdogo, ubongo unaanza kubanwa, na kuanzia hapo kila dakika ina bei yake.

Kwa hiyo nitaandika hapa hata kama unajua: aliyegonga kichwa, kisha kichwa kikazidi kumuuma, au akatapika, au akawa na usingizi usio wa kawaida, au maneno yakamchanganyika, au upande mmoja wa mwili ukalegea, hapelekwi kulala. Anapelekwa hospitali, hata kama ameinuka mwenyewe.

Fundi sasa yuko nyumbani. Kuchomelea hakukumtoka, mikono inakumbuka. Kinachomponyoka ni vipimo. Anapima dirisha kwa futi kamba, anageuka kuchukua chuma, na katika hatua hizo tatu namba imeshapotea. Anarudi kupima. Anaandika kwa chaki sakafuni, kisha anasahau ni chaki ya dirisha lipi. Kelele za grenda ambazo amezizoea tangu utoto sasa zinampandisha hasira, na watoto wake wamejifunza kuongea chini chini bila kuambiwa na mtu.

Miguu ndiyo huumia zaidi katika ajali za pikipiki, na kofia haimsaidii mtu mguu. Nimewaona vijana wenye vyuma kwenye muundi wakirudi kijiweni baada ya miezi, wanachechemea, wanataniwa, wanaendelea na maisha. Kwa fundi hakuna chuma cha kuunga.

## Ndani ya kofia

Hapo ndipo nilipotaka kujua kofia yenyewe inafanya nini. Nilikwenda kwa fundi pikipiki nikamwomba kofia mbovu. Alikuwa nazo chungu nzima nyuma ya banda. Nikachagua mbili, akanikatia kwa msumeno wa chuma huku akinicheka.

Ya kwanza ilikuwa imetoka kwenye pikipiki iliyoingizwa nchini ikiwa imetumika. Ganda la nje gumu, na chini yake tabaka nene kama vidole viwili vya ile kitu nyeupe wanayopakilia televisheni kwenye boksi, ile inayolia ukiisugua kwa kucha. Upande mmoja ilikuwa imebonyea na kubaki imebonyea. Ndani ya hiyo tabaka, upande wa kichwa, ndiyo sponji laini na kitambaa.

Ya pili ilikuwa mpya mpya, ina mchoro wa moto ubavuni na stika inayong'aa. Fundi alipoipasua akanionyesha bila kusema neno. Ganda la plastiki, sponji, kitambaa. Basi. Ile nyeupe haikuwamo.

Sasa, ile nyeupe ndiyo kofia. Ganda linazuia kitu chenye ncha na linasambaza kishindo kisikae mahali pamoja. Sponji ni ya raha, ili kofia ikukae. Kazi ya kukuokoa inafanywa na hilo tabaka kwa kukubali kuvunjika: kichwa kinapotua, tabaka linabonyea, na badala ya kusimama ghafla kwenye lami kichwa kinasimama ndani ya sentimita mbili au tatu. Zinaonekana chache. Kwa ubongo unaoendelea mbele wakati fuvu limeshasimama, hizo ndizo zinazotenganisha kizunguzungu na kaburi. Na kwa kuwa limevunjika, halirudi. Kofia iliyokwisha kuanguka na mtu imemaliza kazi yake hata kama kwa nje inang'aa. Ile ya kwanza niliyoipasua ilikuwa imevaliwa na abiria mpaka juzi juzi, na ile sehemu iliyobonyea ilikuwa juu kidogo ya sikio la kulia.

Mkanda nao. Fundi aliniambia kwamba katika chungu lile kofia zenye kifungo kizima cha kidevuni hazifiki nusu. Nyingine zimefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kofia isiyofungwa inaruka kabla ya kichwa kufika chini. Ajali ikitokea utaiokota mbali na mwenyewe.

Nilitoka pale na mashaka zaidi kuliko nilivyoingia. Nilikwenda nikiwa na mawazo ya kuwasema watu wasiovaa. Sasa nikajiuliza mama mdogo angeikubali ile yenye mchoro wa moto, angekuwa amevaa nini?

## Daktari mmoja, pikipiki moja

Hadithi ya kofia hizi ina daktari ndani yake. Mei 1935 Mwingereza Thomas Edward Lawrence, yule afisa aliyepata umaarufu katika vita vya Waarabu dhidi ya Waturuki, alianguka na pikipiki yake huko Dorset akiwakwepa vijana wa baiskeli. Alikaa siku sita bila fahamu, akafa. Kati ya madaktari walioitwa alikuwamo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo kutoka Australia. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Cairns akaanza kuwafuatilia wanajeshi wa pikipiki waliokuwa wakipeleka ujumbe, na mwaka 1941 akaandika makala yake kuhusu kofia ngumu. Waliovaa kofia aliowapata walikuwa 7 tu, na wote walikuwa hai.

Saba. Leo mtafiti akileta namba hiyo wangemrudisha nyumbani. Jeshi lilimsikia haraka, likawaamuru wapeleka ujumbe wake wavae. Raia wa Uingereza hawakulazimishwa mpaka 1973.

Namba kubwa zimekuja baadaye. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2008 na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikadiria kwamba kofia inapunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Wale wanaosema kofia inavunja shingo hawakupata msaada humo.

Nchi ninayoitazama zaidi kuliko Uingereza ni Vietnam, kwa sababu wao pikipiki ndiyo gari la familia. Tarehe 15 Desemba 2007 sheria yao ilianza kuwabana waendeshaji na abiria katika barabara zote, na katika muda mfupi sana wavaaji wakapita asilimia 90. Vijana walipinga, wakina dada walilalamikia nywele, joto ni lile lile la kwetu. Wakavaa. Kisha soko likajaa kofia za bei ya chini ambazo ndani hazina kitu, kama ile ya mchoro wa moto, kwa sababu askari anatazama kichwa kimefunikwa au hakikufunikwa. Hawezi kupasua.

Kwa hiyo hata walioshinda walikuja kukutana na kofia ya trafiki.

## Elfu kumi

Mwaka 2021 faini za bodaboda na bajaji zilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Nilishangilia, na bado naona ilikuwa haki, maana ile ya zamani ilikuwa inakula hesabu ya tajiri ya siku kadhaa na kuacha mlango wazi kwa mazungumzo ya pembeni. Ila kaa kwenye nafasi ya dereva. Kofia yenye ile tabaka nyeupe, katika maduka niliyozungukia hapa mjini, ilianzia bei ya faini saba au nane. Ya mchoro wa moto ni faini mbili na chenji. Anahitaji mbili, yake na ya abiria, na ya abiria itaibwa, itaangushwa, itaachwa kwenye mvua, au itabebea ndimu. Abiria mwenyewe akipewa anainusa na kuirudisha.

Angekuwa mfanyabiashara wa kitu kingine chochote, tungesema huyu ana akili.

Harufu si kisingizio cha watu wanaojidai. Kuna mba, kuna choa, kuna jasho la watu wa siku nzima wa Tanga ya mwezi wa pili. Mswaki hatuazimani, na sioni kwa nini kofia iwe tofauti. Kampala kampuni ya SafeBoda iliwahi kuja na vifuniko vyepesi vya nywele kwa abiria, kitu cha bei ndogo sana. Sisi wanawake wa mjini humu kitambaa tayari tunacho kichwani, na bado ndio tunaolalamika zaidi! Shida ya kweli ya mtandio ni utelezi. Mtandio wa hariri chini ya kofia ni sabuni. Kofia inazunguka mpaka unatazama kupitia kwenye sikio. Wa pamba unashika. Fundo lisiwe kisogoni, na wigi au rasta za juu zitafutiwe mpango mwingine, maana kofia iliyokaa juu ya fundo la nywele haijakaa juu ya kichwa.

## "Umenunua pikipiki?"

Nikanunua ya kwangu. Nyeusi, nzito kiasi, mkanda unaobana ukabaki na nafasi ya kupitisha vidole viwili. Natembea nayo kwenye mkono.

Hili ndilo jambo ambalo hakuna kampeni iliyonitayarisha nalo. Kofia ngumu mkononi mwa mwanamke anayetembea kwa miguu ni tangazo. Benki mlinzi aliniambia niiache nje. Kwenye maulidi niliiweka chini ya kiti, na mtoto wa mtu akaivaa, akakataa kuivua. Kila mtu anauliza kama nimenunua pikipiki. Nikisema hapana, ni ya kupandia bodaboda, wananiangalia kwa huruma fulani hivi, kisha wanabadili mazungumzo. Shemeji yangu mmoja aliuliza kama nimeota vibaya.

Madereva wamelichukua kwa namna mbili. Wazee wao wamenisifu. Wengine wameona nawatuhumu kabla hatujaondoka: "Dada, mimi siendeshi vibaya." Ni kweli, wengi hawaendeshi vibaya. Anayewakatia mbele ndiye simjui.

Na bado silali vizuri na uamuzi huo. Mimi nina kipato cha kununua. Mama anayeuza mihogo ya nazi pale kona, anayepanda pikipiki alfajiri na sufuria mapajani, faini saba ni mtaji wake. Halafu wapo watoto. Kila asubuhi naona mshikaki wa wanafunzi, watatu nyuma ya dereva mmoja, sare safi, mabegi mgongoni, kichwa kitupu kila mmoja. Kofia za saizi yao nimezitafuta madukani sijaziona. Ukimvika mtoto ya mtu mzima inamwangukia puani. Kwa hao jibu langu la kununua ya kwako halina maana yoyote, na ninapolitoa mbele ya mzazi najisikia kama mtu anayeshauri wenye njaa kuhusu lishe.

## Daftari la kijiwe

Kijiwe cha karibu na kwetu kina daftari. Kila dereva anachangia kidogo kila wiki, kwa ajili ya msiba, harusi na mwenzao akilazwa. Mwenyekiti wao namheshimu, ni mtu wa hesabu. Nilimwuliza, katika kile kilichotoka kwenye daftari tangu mwaka uanze, kiasi gani kilikuwa cha hospitali. Alilifungua, akapitisha kidole kwenye mistari, akanyamaza kidogo, akaniambia, "Karibu chote, dada."

Nikamweleza wazo langu. Kijiwe kinunue kofia chache nzuri za abiria, zenye tabaka, zipigwe namba kwa rangi kisogoni ili zisipotee. Ziwe mali ya kijiwe. Asubuhi dereva anasaini, usiku anarudisha. Ikianguka na mtu, inavunjwa hadharani. Abiria asiye na kitambaa anauziwa kofia ya kitambaa cha pamba. Fundi cherehani wa mtaa atazishona kwa mabaki ya kanga, na faida irudi kwenye daftari. Abiria akikataa kuvaa, dereva asibembeleze. Aandike tu, mwisho wa mwezi tujue wangapi walikataa na walisema nini.

Walibishana jioni nzima. Mmoja alisema abiria atahamia kijiwe cha jirani kisichomsumbua. Nilimwona ana hoja, na sikuwa na jibu. Mwingine akasema wao kwanza wavae zao, ndipo wamwambie mtu, na hapo wengi walitazama viwiko vyao. Mwenyekiti akataka bei iandikwe kwenye karatasi na nembo ya ubora ya TBS ikaguliwe kabla ya hela kutoka, tena moja ya hizo kofia ipasuliwe mbele yao na mwenye duka akiwepo. Nilimwambia hakuna muuzaji atakayekubali. Akasema basi wao watainunua hiyo moja, waipasue, zilizobaki wazilipe wakiridhika.

Iliyopasuliwa ilikuwa na nyeupe ndani, nene. Mwenye duka amekubali kulipwa kwa mafungu mawili, ila zilizobaki stoo ni za pinki. Madereva wawili wameshaapa hawatoki na pinki barabarani. Nimewakumbusha kwamba ni za abiria. Wanasema abiria anakaa kwenye pikipiki ya nani?